Nimenunua seti ya viti vya kizamani hapa Mbeya, kimoja kinamwaga unga kila asubuhi. Wajuzi njooni

Mzawa wa Sinde
Wakuu kwema? Naandika nikiwa na hasira kidogo na kucheka kidogo kwahiyo mnivumilie. Nipo Mbeya mjini, nina kaugonjwa ka kupenda vitu vya zamani, yani nikiona redio ya mkulima kwenye nyumba ya mtu chai hainishuki mpaka niulize kama anauza. Mwezi uliopita dalali mmoja akanipigia akasema kule Uzunguni kuna mama mtu mzima anataka kupangisha vyumba vya mbele, anapunguza vitu vya ndani, niwahi.

Nikawahi. Jamani. Sebuleni kuna kochi la watu watatu, viti viwili vya mtu mmoja na meza fupi ya kioo, vyote vya zile fito za mviringo zilizokunjwa. Mikono yake ndo iliniua, fito nne nne zimelala pamoja zinashuka kutoka mgongoni zinazunguka zinarudi chini, hakuna kona hata moja, ukitazama kwa pembeni ni kama mtu kachora bila kunyanyua kalamu. Marehemu mume wake aliinunua kwa mzungu wa kahawa kule Mbozi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, mwishoni mwa miaka ya sitini. Mama alianzia laki tisa tukaishia laki sita na nusu, kirikuu juu yangu.

Wiki ya pili nafagia asubuhi naona unga chini ya kiti kimoja. Mlaini kama wa ngano, kajilima kadogo. Nikafuta, kesho yake upo tena. Nikakigeuza nikaona vitundu kwa chini, sindano ya kushonea inaingia. Sasa nauliza: nimepigwa? Na hii kitu inaweza kuhamia kwenye vile vingine? Mana pembeni kuna kabati langu la mninga na hilo likiguswa wife atanihamisha mimi.

Ngosha wa Mafiati
Laki sita na nusu kwa viti vya mianzi 😂😂 Mkuu mianzi Tukuyu inaota mpaka kwenye mitaro, ungeniambia mimi nikuletee lori.

Kahawa Chungu
Navuta kiti (cha plastiki) nisubiri wajuzi.

Mgosi wa Kihesa
Ngosha hebu shuka kwanza. Mimi kwetu Tanga ila nipo Iringa mwaka wa kumi na mbili huu, na hiyo kitu aliyoielezea si mwanzi, ni henzirani. Waliosoma zamani wanaijua vizuri kwa makalio, mana bakora ya mwalimu mkuu ilikuwa henzirani, ile inayopinda haivunjiki.

Mwanzi ni jamii ya nyasi, ndani uwazi, una vifundo. Henzirani ni jamii ya mtende, ila wenyewe hausimami, unatambaa juu ya miti mingine msituni una miiba balaa, na ndani umejaa, hauna uwazi. Ndo mana ukipashwa moto au mvuke unakunjika utakavyo na ukipoa unabaki hivo hivo. Mwanzi ukitaka kuukunja vile mpaka uhangaike na moto na bado unaweza kupasuka au kubonyea. Kwahiyo mkono uliozunguka namna hiyo kwa fito nene za kujaa, huo ni henzirani. Nyingi zinatoka misitu ya Asia huko, Indonesia ndo baba lao.

Mleta uzi tafuta sehemu fito ilipokatwa, chini ya mguu, toa kale kampira. Ukiona vitundu tele vidogo sana kama mkate uliochachuka vizuri, basi henzirani. Ukiona shimo moja kubwa katikati, umeuziwa mwanzi.

Mzawa wa Sinde
Nimefanya sasa hivi kwa tochi ya simu. Kochi limejaa, vitundu kama ulivyosema. Kiti cha kwanza nacho kimejaa. Na chini ya meza kuna kibandiko kimeliwa na mende, herufi zilizobaki ni KONG tu.

Mpenda Vikuukuu
Hong Kong hiyo. Miaka ya hamsini na sitini pale viwanda vya henzirani vilikuwa vingi sana, fito zinatoka visiwani huko nyingi zikipitia Singapore, wanakunja, wanapakia meli kwenda Ulaya na Marekani. Ndo miaka hiyo henzirani ilikuwa juu kwa wenzetu. Vita ya pili imeisha, watu wanataka nyumba nyepesi zenye madirisha makubwa, hawataki tena yale makochi ya babu ya kubebwa na watu sita. Franco Albini wa Italia akatoa kiti chake cha Margherita 1951, Nanna Ditzel wa Denmark na mumewe wakaja na lile yai la kuning'inia 1959, lile ambalo sa hivi kila saluni ya Sinza ina kopi yake ya plastiki.

Huo mkono wa kuzunguka unahusishwa na Paul Frankl, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani. Ila angalia usije ukaingia mtandaoni ukaandika unauza viti vya Frankl, mana kila mwenye mkono uliopinda anaandika hivo na wengi hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Kinachohesabiwa ni idadi ya fito kwenye mkono. Tatu kawaida, nne nzuri, tano sita ndo watu wanatoa hela ndefu. Wewe una nne. Hujapigwa kwenye aina. Kama umepigwa basi ni kwenye afya.

Ngosha wa Mafiati
Haya nimeshuka. Ila unga je, hiyo henzirani si inaliwa vile vile?

Fundi Matenga
Kamwene wanyalukolo. Mimi nipo Ilula, nasuka matenga ya nyanya toka nipo darasa la tano, kwahiyo kwenye henzirani sijui sana ila kwenye unga mnaniuliza mwenyewe. Huyo ni bungua. Mdudu mdogo kama punje ya mchele mweusi, anataga ndani, kitoto chake ndo kinatafuna kinatoa unga, mkubwa anatoboa anatoka. Kile kitundu unachokiona ni mlango wa kutokea, maana yake kashamaliza kula. Ila unga ukirudi kila siku ujue wengine bado wapo mezani.

Anachotafuta ni wanga na sukari iliyomo kwenye mti. Ndo mana sisi mwanzi hatukati masika. Watu wa huku mnajua, mvua zikianza mlanzi, ule mwanzi wa pombe, unagemwa, unakinga ulanzi, mtogwa mtamu ule wa watoto, ukilala unakuwa mkangafu unakuangusha. Sasa mti unaotoa pombe tamu namna ile ukiukata kipindi hicho ukatengenezea kiti, si umemwekea bungua sufuria la ugali? Mwanzi unakatwa kiangazi, uliokomaa miaka mitatu kwenda juu, na wenye subira wanaulaza mtoni wiki kadhaa utamu utoke. Vijana wa barabarani hawana hiyo subira, anakata leo anauza kesho, miezi sita unaanza kufagia unga.

Kabati la mninga usilie sana. Ule moyo mwekundu hawaupendi. Wanapenda ile mbao nyeupe ya pembeni, kwahiyo angalia kama fundi wako alichanganya.

Dada Gangilonga
Mimi nauza fanicha za mkono wa pili hapa Iringa mwaka wa saba sasa, swali langu moja tu kwa mleta uzi. Siku unanunua huyo mama alikwambia nini? Mana wamama wa umri huo huwa hawauzi kitu kibovu bila kusema, tatizo wanasema kwa kuzunguka.

Mzawa wa Sinde
Dada umenikamata. Alisema. Nilikuwa nishaanza kupakia, akanyooshea kile kiti akasema "hicho mwanangu mguu wake mmoja si wa kwao, uwe unakipangusa." Mimi nikajua ni misemo ya Kinyakyusa nikasema ndaga mama, ndaga fijo (asante sana), nikaendelea kubeba. Na nilikuwa naogopa nikiuliza sana atagundua nakipenda apandishe bei.

Dada Gangilonga
😂😂😂 "Mguu si wa kwao". Mkuu nenda kageuze hicho kiti gonga miguu yote minne kwa kisu, sikiliza.

Kahawa Chungu
Uzi umenoga. Kiti cha plastiki nimekisogeza mbele.

Mzawa wa Sinde
Wakuu. Mitatu inalia ko ko ko. Mmoja wa nyuma kulia unalia kama debe. Nimekwangua rangi kidogo kwa kucha, kuna kifundo kimepigwa msasa kikafichwa. Ni mwanzi! Na unga wote unatoka hapo.

Mgosi wa Kihesa
Kwahiyo Ngosha alikuwa sahihi robo.

Ngosha wa Mafiati
Naomba hiyo robo iandikwe kwenye wasifu wangu.

Mama Lwiza Njombe
Samahanini nadandia uzi. Kuna mtu huku Njombe anauza viti vinne kama hivo anasema vya misheni, anataka milioni moja na laki mbili. Nikienda kuangalia niangalie nini? Sitaki yaliyomkuta kaka.

Dada Gangilonga
Mama Lwiza nenda asubuhi, usiende jioni, na usikae kwenye kiti hata akikukaribisha. Ukishakaa umeshanunua. Kwanza pindua. Mbele na juu kila muuzaji anapaka vanishi, chini hapaki mtu, na chini ndo kuna habari zote. Mimi kuna kochi nililetewa linang'aa kama kiatu cha mwanajeshi, nikatoa hela, kufika dukani nafungua ile kamba iliyozungushwa kwenye kiungo nakuta ndani hakuna msumari hakuna skrubu, kuna gundi na stepula, na kamba yenyewe ni plastiki. Ile kamba ya kiungo kwenye kiti cha kweli ni ganda la henzirani lenyewe, limechunwa, limezungushwa likiwa bichi, na linafunika skrubu au msumari unaobeba kazi. Kwahiyo bonyeza kila mzunguko kwa kidole. Ukicheza ukikatika sio kesi, unarudishiwa. Ila ukiufunua ukakuta fito imepasuka kwenye tundu la skrubu, hapo shusha bei au rudi nyumbani, mana kukunja fito mpya ya unene ule huku kwetu anayeweza simjui.

Halafu shika migongo ya viti viwili sukuma kwa mlalo. Kikilia nyi nyi nyi ni kiungo kimoja kimelegea, kikienda chote kama mlevi viungo vyote vimekwisha. Kama kimepakwa rangi ya mafuta, ile nyeupe nyeupe ya zamani, usikipige msasa ukiwa na watoto ndani, rangi nyingi za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake ni sumu. Na usinunulie mito. Mito na vitambaa vyake utatupa tu, hela unalipia mifupa.

Ya misheni ni maneno. Kila kiti kikuukuu Njombe kilikuwa cha misheni na kila cha Mufindi kilikuwa cha meneja wa chai.

Mama Lwiza Njombe
Asante sana mdogo wangu. Na huku kwetu baridi na jiko la mkaa sebuleni, havitaharibika?

Dada Gangilonga
Baridi haina shida, shida ni ukavu. Huu mti umezoea unyevu. Kati ya Juni na Agosti upepo mkavu, ukikiweka pembeni ya jiko kinakauka kinaanza kulia usiku kinapasuka nyuzi. Kiweke mbali na moto na jua la dirishani, mara moja moja kipanguse kwa kitambaa cha maji kilichokamuliwa, ile ya kusuka kwenye kalio unailowesha kidogo kwa chini. Wengine wanapaka mafuta ya kitani, sawa, ila kwa kitambaa, sio kumimina kama unakaanga.

Mpenda Vikuukuu
Naongezea na kuhusu minada. Mnajua ile ya Chandigarh India? Miaka ya hamsini na sitini serikali ilijenga mji mpya, Pierre Jeanneret akasimamia fanicha za maofisi, viti vya mti wa mtiki vyenye kalio la kusuka henzirani. Baadaye vikachakaa vikarundikwa juu ya mapaa na uani huko, vikauzwa mnadani kwa bei ya kuni. Wafanyabiashara wa Ulaya wakavizoa, wakasuka upya makalio, kiti kimoja kikaanza kuuzwa maelfu ya dola, India ilikuja kushtuka watu washatajirika. Mimi toka nisome hiyo habari nikisikia ofisi ya umma inapiga mnada samani chakavu nakuwa wa kwanza getini. Mpaka sasa nimepata kabati za chuma tu, ila ipo siku.

Ngosha wa Mafiati
Ulivyo wa kwanza getini huwa unaandamana na nani 😂

Kijana Uyole
Kwenye bungua mimi kwetu tunachukua bomba la sindano tunapiga petroli kwenye kila tundu, kwisha habari.

Fundi Matenga
Na nyumba nayo kwisha habari. Kijana acha, kiti kinakaa sebuleni mtu anawasha sigara. Boraksi na asidi ya boriki kwenye maji inafanya kazi, ila haiingii penye vanishi, mpaka mti uwe wazi. Kitu kidogo kama stuli kifunge kwenye nailoni kitupe kwenye friji la barafu, lile linaloshuka nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, wiki mbili, hatoki mtu mle. Kwa mleta uzi naona tiba ni moja, mguu huo utolewe uchomwe leo leo, kiti kikae stoo peke yake kwenye karatasi nyeusi mwezi mzima tuone kama kuna unga mwingine. Mdudu akikolea kwenye mwanzi anaweza kuvuka kwenye jirani.

Mzawa wa Sinde
Fundi nimekufuata inboksi. Nakuja na kiti Ilula jumamosi, nina safari ya Iringa.

*(wiki tano baadaye)*

Mzawa wa Sinde
MREJESHO. Wakuu samahani kwa kimya.

Nilimpelekea Fundi Matenga kiti. Kwanza aliuvunja ule mguu juu ya goti mbele yangu, ndani umebaki ganda tu, unga ulimwagika kama kiroba kimetoboka na bungua watatu wakiwa hai wanashangaa mwanga. Tukauchoma. Kile kiti kikalala stoo kwake mwezi mzima juu ya gazeti, kila jumapili ananitumia picha ya gazeti. Safi, halina punje.

Kazi ikawa mguu mpya, mana mwanzi sitaki tena na henzirani haiuzwi dukani. Dada Gangilonga akanisaidia, alikuwa na kiti kimevunjika mgongo cha kutupwa, unene unalingana, akanipa miguu miwili kwa elfu ishirini. Mguu umenyooka kwahiyo hakukuwa na habari ya kukunja. Kiungo ndo mtihani, ganda la kuzungushia hatuna. Fundi akakaa kimya kama dakika kumi anakitazama, akanyanyuka akaenda buchani akarudi na kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi. Akaikata mikanda myembamba kama tambi, akaloweka usiku kucha, asubuhi akazungusha kiungo anavuta kwa meno na mguu, akakiacha kivulini siku tatu. Ile ngozi ilivyokauka imebana mpaka inalia ukiigonga, kama ngoma. Nimekaa mimi kilo tisini na nne, hakisemi kitu.

Mpenda Vikuukuu
Huyo fundi aangaliwe! Kuna kampuni inaitwa McGuire, ilianzia San Francisco mwishoni mwa miaka ya arobaini, ikajulikana kwa kuuza fanicha za henzirani kwa bei ya kiwanja, na kinachowapa jina ni hicho hicho, viungo vimefungwa kwa ngozi mbichi.

Fundi Matenga
Mimi nilikuwa nawaza jembe la babu, mpini ulikuwa unafungwa hivo hivo. Waambie McGuire nipo Ilula.

Mzawa wa Sinde
😂 Na kuna kipande cha mwisho. Juzi nilienda kumsalimia yule mama, nikampelekea sukari kilo mbili na picha ya kiti. Nikamuuliza ule mguu aliweka nani. Akasema kijana mmoja alipita na baiskeli mwaka juzi, mwezi wa pili, mvua inanyesha. Fundi umesikia, mwezi wa pili. Mama akasema "nilikwambia si wa kwao, ukaniambia ndaga."

Akanikaribisha jikoni kwa nyuma, lile la kuni. Na pale pembeni ya mafiga nikaona stuli ya ile ile seti, fito nne nne, nyeusi tii kwa moshi, inang'aa kama imepakwa lami. Nikaipindua haraka haraka. Haina hata tundu moja! Viungo vyote vya asili, ganda halijaachia popote. Juu yake kuna kichanja amening'iniza mahindi ya mbegu kwenye moshi huo huo, mana ndo dawa yetu ya wadudu toka enzi za mababu. Sisi wa sebuleni tunahangaika na vanishi.

Mama Lwiza Njombe
Jamani hiyo stuli usiiache.

Mpenda Vikuukuu
Mkuu natoa laki na nusu bila kuiona. Mpigie sasa hivi.

Mzawa wa Sinde
Unadhani sikujaribu? Nilianza na elfu hamsini nikafika laki mbili. Akanitazama, akaichukua akaivuta kwenye mafiga akakalia, akafunua sufuria. "We umebeba viti vyote, sasa na mimi nipike nimesimama?"